Cheti cha Siku Mbili

Mtu akiingia Tunduma na muhuri ndani ya mkoba, mimi huangalia kwanza viatu vyake. Vikiwa na vumbi la hapa, ni wa hapa, kesho nitampata. Vikiwa vinang'aa, huyo ameshakata tiketi ya kuondokea. Yule mwalimu wa makocha wa mazoezi alikuja na raba nyeupe kama unga wa sembe. Nikasema moyoni, huyu Jumapili jioni hatumwoni tena.

Nilishawaona wengi wa aina yake. Tangu wakati wa ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye maneno alipita mpakani kwetu. Walikuja wa kufundisha kutengeneza sabuni, walikuja wa dawa ya kuotesha nywele, alikuja mmoja aliyetuandikisha majina tupewe matrekta. Mpaka leo tunayasubiri.

Nisingekanyaga kwenye mafunzo yake kama si mama mwenye nyumba. Nilikuwa nimepanga kwake chumba kirefu nyuma ya maegesho ya malori, zamani kilikuwa ghala la sukari, nami nikakigeuza jimu. Vyuma vyote nilitengeneza mwenyewe. Ekseli ya lori lililoungua ndiyo ilikuwa chuma cha kunyanyulia. Flaiwili, yale magurudumu mazito ya injini, nilizitia pande mbili, na kwa wanaoanza nilijaza zege kwenye makopo ya rangi. Sikufundishwa na mtu. Wateja wangu walikuwa madereva wanaosubiri kuvuka, migongo imekufa ganzi kwa kukaa, na mawakala wa forodha wenye vitambi vya kuanzia shingoni. Walikuja wakiugulia, wakaondoka wamenyooka. Hicho kilikuwa cheti changu.

Sasa akatokea kijana mmoja, naye ana cheti cha karatasi. Akamwendea mama mwenye nyumba, akamwambia anataka chumba kile aweke vioo ukuta mzima na mashine za umeme. Asubuhi moja mama akanijia. Alisimama mlangoni. Ndani alikuwa haingii, alisema panamnukia jasho.

"Baba, mimi sikufukuzi," alisema.

"Sasa unafanya nini?"

"Nakwambia tu. Wewe ukimwangushia mtu chuma kichwani, watakuja kwangu. Wataniuliza nimempangisha nani. Nijibu nini, nimempangisha kuli?"

"Jibu umempangisha mtu ambaye hajamwangushia mtu chuma miaka saba."

"Hilo halina muhuri, baba. Lete cheti kabla mwezi haujaisha. Ukileta, chumba chako. Usipoleta, tusilaumiane."

Akaenda zake. Nikabaki nimeshika kopo la zege kama mjinga.

Neno kuli halinikeri. Mimi nilikuwa kuli na sioni haya. Nilitoka Isansa na darasa la nne, nikaacha kahawa ya baba, nikaja mpakani kuuza shingo yangu. Tulibeba mahindi kwenda Nakonde, ng'ambo ya Zambia, tukarudi na chochote kilichokuwa adimu upande wetu. Genge letu lilikuwa la watu kumi na wawili, tunatembea kwa mstari, na lilikuwa na sheria moja kubwa: mwenye mzigo haulizwi. Gunia likishatua shingoni, hakuna wa kukuuliza kama umechoka, kama unaumwa. Ukifungua mdomo kujibu, pumzi inatoka, gunia linakwenda na wewe chini.

Hata kabla ya kutwikwa hapakuwa na maana ya kuuliza. Kila asubuhi mnyapara alisema, "Kuna mgonjwa?" Kumi na wawili tunajibu, "Hapana!" Ukisema ndiyo, nafasi yako inachukuliwa na mtu anayengoja pale getini tangu alfajiri, na kesho huipati tena. Hiyo hapana tuliisema na malaria, tuliisema na vidole vilivyovunjika.

Basi tulijuanaje? Alijua anayetembea nyuma yako. Yeye hana cha kutazama ila visigino vyako, kutwa nzima. Jioni, kazi imeisha, mnyapara hakukuuliza wewe. Alimuuliza wa nyuma, "Wa mbele yako vipi?" Naye anasema ukweli: kisigino cha kushoto kinakwangua, kesho mpe gunia dogo. Hapo hapakuwa na aibu, kwa sababu hujasema wewe.

Wa nyuma yangu alikuwa mtu mmoja miaka kumi na mmoja. Kwenda nilikuwa mbele yake, kurudi yeye alikuwa mbele yangu. Tuliitana mudala, neno la wenzetu wa Zambia kwa mtu mzima, nasi tuliitana hivyo tangu tukiwa hatuna hata ndevu. Siku ninazozisimulia alikuwa ameshaacha mizigo, anatengeneza baiskeli na kuimba besi kanisani.

Mafunzo ya cheti yalikuwa Jumamosi na Jumapili, ukumbi wa nyumba ya wageni. Nilifika mapema makusudi nikae karibu na mlango. Mwalimu aliwasha projekta, ukutani ikatokea picha ya mtu aliyechunwa ngozi, nyama zote nje, kila nyama na jina lake. Watu wakaandika. Mimi sikuandika. Niliinua mkono.

"Kijana, ofisi yako iko wapi?"

"Mbeya, mzee."

"Mbeya wapi? Mbeya kubwa."

Akataja mtaa, akataja ghorofa, akataja mpaka rangi ya mlango. Mtu anayejibu haraka hivyo humtia mtu mashaka zaidi. Nikatoka nje nikampigia simu dereva mmoja, mteja wangu, aliyekuwa njiani kwenda huko na mzigo wa shaba. Nikamwambia akifika apite atazame huo mlango.

Niliporudi walikuwa wanagawa fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na maswali kumi na moja. Umewahi kuumwa moyo? Unapata maumivu ya kifua? Unatumia dawa za presha? Kizunguzungu? Magoti? Nyonga? Mgongo?

"Hii ndiyo kazi yenyewe," alisema mwalimu. "Mteja hagusi chuma kabla hajaijaza. Na ninyi mtaanza kujaza za kwenu. Anayedanganya kwenye fomu yake mwenyewe, cheti simpi. Huyo atakuja kuua mtu."

Nilimtazama. Mgeni wa siku mbili anakusanya magonjwa ya watu na majina yao na saini zao, anatia kwenye mkoba, anaondoka. Anampelekea nani? Na kama karatasi ikimfikia mama mwenye nyumba? Nikashika kalamu, nikaandika hapana. Nikateremka nayo mpaka chini, hapana, hapana, kumi na moja zote.

Kando yangu aliketi mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, dada mmoja mpole wa upande wa Mbozi Mission. Yeye alikuwa bado swali la tatu.

"Mzee wangu, umeshamaliza?"

"Mtu mzima anajijua."

"Mimi hili goti sijui niliandikeje."

"Andika hapana. Goti lako ni la nani?"

Alicheka, lakini akaandika ndiyo. Nikamwona mtoto kabisa. Mfukoni mwangu wakati ule kulikuwa na kiberiti, na ndani ya kiberiti hakuna njiti hata moja. Kulikuwa na vidonge vya presha, ambavyo nilimeza siku nilizojisikia vibaya na kuviacha siku nilizojisikia mzima. Duniani alijua mudala tu.

Mchana tukafanya kwa vitendo. Mwalimu alichukua mpini wa ufagio, akauweka mgongoni mwangu, uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse kiunoni.

"Sasa inama, mzee, mpini usiachie hata sehemu moja."

Nikainama. Ukaachia kiunoni.

"Umebeba mizigo muda mrefu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Mgongo wako."

Sikupenda. Nikadhani ameulizia habari zangu mjini. Lakini aliponipa mkono kuniinua, nilikuta chini ya vidole vyake sugu nne ngumu kama kokwa. Viganja vya muhuri havina sugu. Hilo nikaliweka pembeni, sikulitupa.

Jumapili kila mtu alitakiwa aje na mteja wake kutoka nje. Utamuuliza fomu, utampasha mwili moto, kisha utamfundisha kunyanyua, mwalimu anakutazama. Ndiyo mtihani. Nikamngoja mudala nje ya kanisa, akatoka na koti lake la kwaya.

"Mudala, twende ukanisaidie nipate cheti."

"Cheti cha nini tena uzeeni? Cha ubatizo ulikipoteza?"

"Cha kunyanyua."

"Makubwa! Mimi nilikutwika magunia miaka kumi na mmoja bila cheti, kumbe tulikuwa wahalifu."

Tukaenda. Njia ilikuwa na watu wa ibada na malori, hatukuweza kutembea sambamba, akatangulia. Kwa mazoea macho yangu yakashuka kwenye visigino vyake. Cha kushoto kilikuwa kinakwangua. Alisimama mara moja kumsalimia muuza ndizi. Akasimama tena, akainua mkono, akasalimia. Nikatazama aliyesalimiwa. Lilikuwa duka lililofungwa.

Nikamfuata tu. Nilikuwa nataka chumba changu.

Kabla ya zamu yangu simu ikaita. Dereva wangu, yuko Mbeya.

"Mlango upo, mzee. Na kibao kipo. Ila pana kufuli."

"Leo Jumapili, lazima pawe na kufuli. Kufuli lina kutu?"

"Kutu ya nini?"

"Tazama!"

Nikasikia analitikisa. "Halina kutu, mzee. Linafunguliwa hili."

Basi nikaingia mtihanini nikiwa sina pa kumshika yule mwalimu, jambo ambalo lilinikosesha raha kuliko kama ningempata ni mwizi. Mudala akaketi kwenye kiti mbele yangu. Watu wote wanatazama. Nikasoma polepole, herufi zangu hazina haraka.

"Umewahi kuumwa moyo?"

"Hapana."

"Unapata maumivu ya kifua?"

"Hapana."

"Unakosa pumzi ukitembea?"

"Hapana!" Alisema kwa sauti ile ile ya getini, kifua mbele, kidevu juu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naisikia hapana ile kutoka miaka ile yote, na niliijua, kwa sababu nami nilikuwa nayo kumi na moja kwenye mkoba wa mwalimu.

Nikamaliza maswali. Chuma kilikuwa sakafuni, kizito wastani, kitu ambacho zamani mudala angekibeba huku anakula muwa. Alivua koti la kwaya akalikunja vizuri. Akainama. Nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo kabla hata hajashika.

"Acha," nikasema.

"Niache nini?"

"Acha chuma. Mwalimu, huyu simnyanyulishi."

Mwalimu akatazama karatasi. "Mbona fomu yake safi?"

"Fomu yake ya uongo. Huyu kifua kinambana. Njiani amesimama mara mbili, na mara ya pili amesalimia duka."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mudala akanyanyuka taratibu, macho yamekuwa madogo.

"Mudala, unanivua nguo mbele za watu?"

"Nakuvua mzigo."

"Ahaa. Basi ngoja nami nikuvue." Akamgeukia mwalimu. "Kijana wangu, muulize huyu kocha wako, kiberiti mfukoni cha nini na sigara havuti?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu hakuniuliza. Alikwenda kwenye mkoba, akapekua, akatoa fomu yangu ya Jumamosi. Akaisoma yote, ingawa haikuwa na cha kusoma.

"Mzee, hii saini yako?"

"Yangu."

"Na kiberiti?"

Nikakitoa nikakiweka mezani. Kilitoa mlio wa vidonge, kila mtu akausikia. Katika maisha yangu nimeanguka na gunia mara mbili mbele za watu. Hii ilikuwa ya tatu.

"Jana nilisema nini?"

"Ulisema cheti hunipi."

"Kwa nini uliandika hapana?"

Nikamwambia. Sikuomba, nilimweleza tu jinsi kazi yetu ilivyokuwa: mwenye mzigo haulizwi, akiulizwa atakataa, na wewe umekuja kutoka Mbeya kumuuliza mwenye mzigo. Fomu yako ukiileta mji huu utapata hapana tupu, utadhani watu wote ni wazima, kisha watakufia. Muulize anayetembea nyuma.

Nilitegemea anicheke. Akachukua kalamu yake akaandika kitu kwenye daftari, sijui nini, na sikupenda kutojua.

"Leo sikupi," akasema. "Nenda hospitali ukapimwe, na mwenzako apimwe. Jumamosi ijayo nafundisha Vwawa. Uje na karatasi ya daktari, ufanye mtihani upya."

"Nitalipa mara ya pili?"

"Ulishalipa."

Hapo ndipo mashaka yakanirudia sawasawa. Mwenye muhuri akikataa kulipwa, anataka nini?

Jumatatu tulikwenda kupimwa, mudala na mimi. Hakusema nami neno njia nzima. Nilimwacha atangulie, na aliposimama kupumua nami nilisimama, tukajifanya tunatazama malori. Daktari aliniambia vidonge humezwa kila siku, si kama pipi. Mudala, daktari alimweka kitandani, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akarudia tena. Akamwandikia aende Mbeya kwenye kipimo cha moyo, na kuanzia siku ile asinyanyue kitu kinachozidi nusu ndoo.

Tulipotoka nje ndipo akafungua mdomo. "Sasa baiskeli nitazining'iniza na nini, meno?"

"Ungenyanyua kile chuma jana, leo tungekuwa tunachimba."

"Ungechimba wewe. Mimi ningekuwa nimelala." Akatembea hatua chache. "Lakini kulisema lile la duka, mudala, hapana. Hilo hukupaswa."

Nikamwambia pole. Sijaisema pole mara nyingi maishani.

Jumamosi nikaenda Vwawa na karatasi ya daktari. Mteja wangu wa mtihani alikuwa yule dada mwalimu wa michezo, aliyekuja kunisaidia tu. Alisema ndiyo kwa goti, nikamfundisha bila kumkunja goti sana, mpini wa ufagio mgongoni, haukuachia. Mwalimu akaandika jina langu kwenye cheti kwa mkono wake, akapiga muhuri, akanikabidhi.

Mimi ni mimi. Nililamba dole gumba nikausugua ule muhuri.

"Unafanya nini, mzee?"

"Naangalia kama ni muhuri au picha ya muhuri."

Wino ukatoka, ukatapakaa mpaka kwenye jina langu. Mwalimu alishika kichwa. Alicheka mpaka akakaa chini, raba zake nyeupe zimejaa vumbi jekundu la Vwawa. Alisema karatasi nyingine hana, zilihesabiwa.

Hivyo ndivyo nilivyompelekea mama mwenye nyumba cheti chenye doa kubwa la zambarau katikati, siku mbili kabla mwezi haujaisha. Alikishika kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Baba, hiki umetengenezewa wapi?"

"Vwawa."

"Mbona muhuri umechafuka? Muhuri wa kweli unachafuka hivi?"

"Mama, wa kughushi ndio huwa safi. Anayeghushi ana muda."

Akanitazama, akatazama doa, akanitazama tena. Nilijua anachofikiri kwa sababu ndicho ningefikiri mimi. Akaomba namba ya mwalimu, akapiga pale pale huku nimesimama. Sikusikia yule alisema nini, nilimwona tu mama uso unabadilika, mwisho akacheka kidogo.

"Anasema uliulamba."

"Niliulamba."

Akanirudishia cheti. "Chumba chako. Lakini fungua madirisha, jasho hilo!"

Nikakitundika na doa lake. Fomu ya maswali kumi na moja nikaipeleka kwa mpiga chapa, nikaongeza swali la kumi na mbili kwa maneno yangu: Nani anatembea nyuma yako? Mawakala waliandika majina ya wake zao. Madereva waliandika utingo wao. Hao ndio niliowaita nikawauliza. Mudala nilimpa kiti karibu na mlango, kazi yake kutazama watu wanavyoingia na wanavyotoka. Aliporudi kutoka Mbeya na dawa zake, alidai kiti kiwe na mto, na watu walimsalimia wakidhani ndiye mwenye jimu. Hakuwasahihisha.

Yule mwalimu nasikia alifundisha tena mahali pengine na fomu yenye maswali kumi na mawili. Hakuniuliza. Nilijua ile kalamu ilikuwa na jambo.

Mwaka uliofuata mama mwenye nyumba mwenyewe aliingia ndani, akaziba pua kidogo, akasema daktari kamwambia afanye mazoezi. Nikampa fomu. Aliandika haraka, hapana kumi na moja, mwandiko mzuri kuliko wangu. Swali la kumi na mbili aliliacha wazi. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali.

"Njoo kesho asubuhi tuanze," nikamwambia.

Alipotoka, mimi na mudala tulisimama mlangoni tukamtazama mpaka alipofika barabarani.

"Goti la kulia," alisema mudala.

"Na nyonga."

Nikachukua fomu yake, nikakata hapana mbili, kwenye lile swali la mwisho nikaandika jina langu.